Ubao Umeelewa

Dokta Nyamizi aliketi nyuma kabisa,
kwenye dawati lenye mguu uliofungwa waya,
na daftari la kurasa mia mbili mapajani.
Mimi na chaki. Tabora, Oktoba, saa tano na nusu,
bati likialika kwa joto
juu ya vichwa mia na kumi na viwili.

Nilithibitisha kikomo.
Epsiloni ikatangulia, delta ikaifuata,
hatua kwa hatua, bila kukosea hata alama.
Nikajaza ubao, nikafuta, nikajaza,
nikaandika: *ndivyo ilivyotakiwa kuthibitishwa.*
Nikageuka. "Kuna swali?"
Hakukuwa na swali.
Nikapangusa mikono kama aliyemaliza kuzika.

Nje, kivulini mwa tangi la maji,
akafungua daftari.
"Mtani," akasema
(mimi Muha wa Kasulu, yeye Mnyamwezi wa Urambo,
ana haki ya kunichinja bila kisu)
"hongera. Ubao umeelewa.
Ungefanya mtihani leo, ungefaulu.
Sasa tuwazungumze wale waliokaa."

Alikuwa amehesabu.
Dakika hamsini: arobaini na tatu nimewapa mgongo.
Maswali niliyouliza, sita.
Niliyojijibu mwenyewe, sita.
Nilivyongoja baada ya lile la mwisho: sekunde mbili.
"Na nusu," akaongeza, "maana ulikohoa."
Kisha: "Yule binti wa safu ya nne,
aliyeweka kalamu chini dakika ya tisa,
anaitwa nani?"

Nimesoma makundi, pete na nyuga.
Naweza kutembea gizani
ndani ya umbo la vipimo saba, nisijikwae.
Jina la binti sikulijua.

*

Ijumaa alasiri tunakutana wanagenzi wanne,
mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, chai,
na rundo la karatasi za majaribio.
Kalamu nyekundu haziruhusiwi.
Luhende anasoma jibu lililopotoka, kwa sauti,
nasi tunaulizana lilipotokea.
"Kosa lina ukoo," Dokta husema.
"Msilifukuze kabla hamjamjua baba yake."
Wiki ya kwanza nilidhani tunapoteza muda.
Nina makala ya kumaliza, nilijisemea,
na barua za kuomba kazi, na mkopo.
Wiki ya tatu nikakuta, katika karatasi ya mtu,
kosa langu mimi,
limenakiliwa kwa mwandiko mzuri
kutoka ubao wangu wa Septemba.

*

Anaitwa Kalunde. Kwao Sikonge, wanarina asali.
Nilimwuliza kikomo ni nini, nikafunga mdomo.
Moja. Mbili.
Nne: feni haizunguki.
Sita: mtu anacheka chinichini.
Tisa: jasho mgongoni, garimoshi la mizigo linapiga honi,
na mimi natamani niwe ndani yake, hata kwenye behewa la saruji.

Kumi na moja.
"Ni kama mteja wa asali," akasema.
"Anasema nataka kilo moja,
ikizidi au ikipungua gramu kumi sawa, zaidi ya hapo sinunui.
Basi mimi natafuta
mkono wangu uruhusiwe kutetemeka kiasi gani.
Kesho anakuja mwingine, anasema gramu tano.
Natafuta tena.
Mzani mzuri ni ule ambao,
mteja awe mkorofi vipi,
mkono unapatikana."

Darasa likageuka kumtazama yeye.
Nami nikageuka, ubaoni,
nikaandika *mteja* juu ya epsiloni,
*mkono* juu ya delta,
kwa mwandiko mbaya, chaki ikikatika.

Nilipotazama nyuma, dawati la waya lilikuwa tupu.
Dokta alikwishaondoka, sijui dakika ya ngapi.
Aliacha karatasi moja iliyochanwa daftarini:
*Kumi na moja. Safi.
Bado unaongea na ubao. Jumatatu nakuja tena.*